Kisu cha Mzee Ngiri

Fundi viatu huyu ana jina lake zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini mtaa mzima unamwita Kipi, naye amekwisha kulizoea. Alijitakia mwenyewe. Kila inapobaki siku moja aende kuwinda, hupanga visu vyake vinne juu ya benchi la kazi, katikati ya makopo ya gundi na visigino vilivyobanduka, kisha humuuliza kila anayeingia kuchukua kiatu: "Hivi kesho nibebe kipi?" Mwalimu ameulizwa. Muuza mkaa ameulizwa. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta tu njia ya kwenda zahanati aliulizwa pia, akajibu kwamba kwa maoni yake ni afadhali abebe chakula.

Ni mtu wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo ukivitazama huwezi kuamini kwamba ndivyo vinavyoshona mshono mdogo namna ile. Viatu ni riziki yake na kuwinda ni starehe yake. Msimu ukifunguliwa, yeye na shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa lori, pamoja na askari wa misitu mstaafu wanayemwita Afande, huchukua kibali cha kulungu wawili na kuingia porini siku ya mapumziko. Bunduki ni ya Afande, na masharti pia ni ya Afande. Sharti lake kubwa ni kwamba mtu mmoja hubeba kisu kimoja, basi. Zamani alikuwa na mwenzake aliyetembea porini amejaa visu kama duka, akateleza kijitoni, akakikalia kile alichokisahau kwenye mfuko wa nyuma. Alishonwa nyuzi kumi na moja mahali ambapo hakuweza kuwaonyesha watu waliokuja kumpa pole. Tangu hapo Afande humpapasa kila mtu kiunoni kabla ya kuingia porini, na atakayekutwa na viwili, kimoja hubaki ndani ya lori. Ndiyo maana kwa Kipi kuchagua si jambo la mzaha.

Kisu cha kwanza ni cha kukunja, kina kijiko na kifungua chupa, na hakikati kitu chochote isipokuwa mkate. Cha pili kimepinda kidogo, ndicho cha kuchunia, kizuri sana ila mpini wake huteleza ukilowa damu. Cha tatu ni kile cha kazini, cha kukatia ngozi ya viatu, alichokichonga mwenyewe kutoka kipande cha msumeno na kukizungushia mpira wa baiskeli. Hicho anakipenda kuliko vyote, na kwa kawaida, baada ya kuwasumbua watu siku nzima, ndicho anachobeba. Cha nne ni kisu cha baba mkwe wake, chenye mpini wa pembe. Hicho hukipanga na wenzake kwa heshima tu, kikiwa ndani ya ala yake. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyekiona kikitoka.

Baba mkwe huyo ndiye Mzee Ngiri. Alipokuwa kijana, ngiri alimvamia porini na kumtoboa paja kwa jino lake, naye akamshika masikio na kumwangusha. Kovu lipo hadi leo, refu kama kidole cha shahada, na hadithi yake wajukuu wote wanaijua neno kwa neno. Kipi alipokwenda kuposa, wale kaka wakubwa wa binti walimkataa. Walisema dada yao hawezi kuolewa na mtu anayeshinda amepiga magoti mbele ya miguu ya watu. Mzee aliwasikiliza wote hadi wakamaliza, akaingia chumbani, akatoka na kisu. Alimwambia Kipi mbele yao kwamba anampa vitu viwili, mtoto na kisu, na siku moja atakuja kuviangalia vyote viwili kama vimetunzwa. Kipi alilia siku ile, na hakuona haya kulia.

Mtoto wa watu amemtunza, hilo hata majirani wanakubali. Balaa lilikuja kwenye kisu. Miaka sita iliyopita, bibi harusi mtarajiwa aliingia kibandani mbio, kiatu kimevunjika kisigino, na ndoa ni saa nane. Koleo la Kipi lilikuwa limeazimwa na fundi baiskeli, kama kawaida. Kisu cha mkwe kilikuwa pale benchini, amekileta kukinoa. Akakichomeka kati ya soli na kisigino, akakikandamiza. Kikalia tak, na ncha yenye urefu wa vidole viwili ikaruka ikaangukia kwenye kopo la misumari. Bibi harusi aliondoka amefurahi na viatu vyake. Kipi alikaa chini, jasho likimtiririka, akaisikia sauti ya mzee kana kwamba yuko mlangoni.

Alifanya kile ambacho fundi viatu pekee angekifanya. Alikisugua kile kilichobaki juu ya jiwe la kunolea siku tatu mfululizo mpaka mwisho wake ukawa mviringo na laini kama ulimi, kisha akashona ala mpya ya ngozi nene, na chini kabisa ndani yake akasokomeza kipande cha tairi ili kisu kisicheze. Ukikiona kimening'inia kiunoni huwezi kujua lolote. Mkewe alimwambia tangu siku ya kwanza, amwambie baba ukweli, kisu ni chuma tu. Kipi alisema atamwambia. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na kila mwaka ulivyozidi kupita, jambo lenyewe lilizidi kuwa zito mdomoni. Bahati yake, macho ya mzee yalianza kuingia ukungu. Alipokuja kuwatembelea alikuwa akikipapasa kisu ndani ya ala, akitabasamu, na kukirudisha.

Mwaka huu mzee alifanyiwa upasuaji wa macho. Alipiga simu mwenyewe, akipaza sauti kana kwamba alitibiwa masikio, akasema sasa anaona hadi sisimizi ukutani. Akasema anakuja. Akasema ana miaka sabini na mbili na anataka kuingia porini mara moja tu tena, amwone mkwe wake akichuna kulungu kwa kisu kile. Kipi aliishika simu hata baada ya mzee kukata.

Siku moja kabla ya kwenda, mzee akiwa amekwisha kufika, visu vinne vilipangwa benchini, lakini safari hii hakuuliza mtu. Wateja walishangaa. Muuza mkaa alisimama muda mrefu akisubiri aulizwe, mwisho akaondoka amenuna. Mkewe ndiye aliyemletea chai, akavitazama vile visu, akamtazama mume wake.

"Baba watoto, mwambie leo," alisema. "Amelala amepumzika, ameshiba, macho yanaona. Huwezi kupata siku nzuri kuliko hii."

"Nikimwambia ataniona mtu gani?"

"Atakuona mtu aliyevunja kisu."

Kipi alikunywa chai yake. Alikuwa akipiga hesabu zake. Akibeba kisu cha kazini, mzee atauliza chake kiko wapi. Akibeba cha mzee, mzee ataridhika kukiona kiunoni, mradi kisichomolewe. Kwa hiyo akachagua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake bila kuomba ushauri, kwenda kuwinda na kisu ambacho hakikusudiwa kutoka kwenye ala. Hata yeye alijua huo ni upumbavu. Lakini mtu akishakimbia jambo miaka sita, miguu huwa imezoea.

Asubuhi, lori lilipofika mwisho wa barabara, Afande aliwapapasa, akakuta kwa kila mmoja kisu kimoja. Chake mwenyewe kilikuwa cha kijeshi, chenye makali pande zote mbili na ncha kama sindano. Shemeji alikuwa na panga, ambalo kwa masharti ya Afande lilihesabiwa kuwa kisu. Mzee Ngiri hakuruhusiwa kitu isipokuwa fimbo. Alikigonga kisu cha Kipi kwa fimbo hiyo, akacheka, akasema hatimaye anakutana na rafiki yake wa zamani. Kipi naye alicheka, mkono juu ya ala.

Kabla ya saa nne Afande alimpata kulungu dume kwa risasi moja. Wote wakageuka kumtazama Kipi, kwa sababu kuchuna ni kazi yake siku zote. Vidole vile vinene huivua ngozi bila kuitoboa hata mara moja. Mzee alikuwa amekwisha kutafuta gogo la kukalia, amekaa kama mtu aliyelipa kiingilio. Kipi alishika kidole gumba chake cha kulia, akakunja uso, akasema kimeteguka jana kazini na asingependa kuharibu ngozi ya watu.

"Kimeteguka?" aliuliza shemeji. "Si umefunga kamba za viatu sasa hivi?"

"Nimezifunga kwa shida."

Kwa hiyo shemeji akachuna, kwa kisu cha Afande. Ngozi ilitoboka mahali saba, na shemeji alitukana kila tundu. Mzee alimtazama mkwe wake kwa yale macho mapya, akatazama ala, akamtazama tena usoni, na Kipi akaona ni afadhali angekuwa yeye yule kulungu pale chini. Aliona haya kwa sababu amesema uongo mdogo kulinda uongo mkubwa, na aliona haya zaidi kwa sababu mzee alikuwa amesafiri siku nzima kuja kuona kitu hicho kimoja tu.

Wakati wa kurudi, mzee alipenda kutangulia. Alikuwa akiwaonyesha vitu: ndege mwekundu juu kule, mzinga wa nyuki, jani lenye madoa. Kila kitu alikiona yeye kwanza. Alikuwa bado ameinua fimbo juu, akiwauliza kama wanakiona kiota, pale ardhi iliposikika kama imekohoa. Mti mwembamba uliokuwa umekunjwa ukafyatuka, na Mzee Ngiri akaanguka chali, mguu mmoja umeinuliwa hewani, kiatu kikining'inia.

Ulikuwa mtego wa kitanzi, wa watu wanaowinda bila kibali. Kamba ya nailoni ilikuwa imemkamata juu kidogo ya kifundo cha mguu. Shemeji aliruka akaukata ule mti kwa panga, na mguu ukashuka, jambo lililowapa wote pumzi. Lakini kitanzi chenyewe hakikulegea. Kilikuwa kimefungwa kwa fundo lile linalokubali kukaza tu, na kilikuwa kimezama ndani ya nyama kiasi kwamba kamba haikuonekana, ulionekana mfereji tu, na chini ya mfereji huo mguu ukianza kuvimba. Afande alijaribu kulegeza fundo kwa kucha, halikutikisika. Kutoka pale hadi kwenye lori ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima wa afya. Unyayo wa mzee ulikuwa umeanza kugeuka rangi.

Afande akachomoa kisu chake. Alikipeleka mguuni mara moja, akakirudisha. Alikipeleka tena. Jasho lilimtoka.

"Hiki kitamtoboa," alisema. "Ncha ikipita hapo chini inakutana na kano, au na mshipa. Siwezi."

Panga ndilo halikufikiriwa kabisa. Mzee alikuwa amefumba macho, akihema huku ameuma meno. Alisema unyayo hausikii tena, alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na sauti hiyo ndiyo iliyomtisha Kipi kuliko kelele.

Basi Kipi akasahau. Ninaposema alisahau, maana yake ni kwamba miaka sita yote, kopo la misumari, ala, tairi, kidole kilichoteguka, vyote vilimtoka kichwani mara moja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kilichobaki ni mguu na kamba, na kazi ambayo vidole vyake viliijua, maana kila siku ya Mungu yeye hupitisha chuma kati ya vitu viwili vilivyogandamana bila kuumiza hata kimoja. Alipiga magoti mbele ya mguu wa mzee, akachomoa kisu chenye mpini wa pembe, akakilaza bapa juu ya ngozi, na ule mwisho wa mviringo akausukuma taratibu chini ya kamba. Ukapita. Uliteleza juu ya nyama kama kijiko kinavyoteleza chini ya yai, haukuchoma mahali, haukupata pa kuchoma. Alipoona mwisho wake umetokea upande wa pili, aligeuza makali yatazame juu, akamwambia mzee avute pumzi, akavuta mara moja.

Kamba ikakatika. Damu ilirudi mguuni, na mzee akapiga ukelele kwa sababu sasa unyayo ulikuwa unasikia kila kitu. Hakuna kati yao aliyewahi kufurahia ukelele kiasi kile. Shemeji aligeuka akajifuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia vumbi.

Afande na shemeji wakaenda kukata miti miwili ya kutengenezea machela. Kipi alibaki na mzee, ameupakata ule mguu, akiukanda polepole kuelekea juu. Kisu kilikuwa kimelala nyasini kati yao, uchi kabisa, jua likikimulika. Mzee alinyoosha mkono akakiokota. Alikipitisha kidole gumba kwenye makali, akafika mwisho, kidole kikasimama.

"Ncha iko wapi?"

"Niliivunja, Baba." Yalitoka hivyo hivyo, bila utangulizi wowote kati ya ile aliyoiandaa miaka yote. "Nilikuwa natoa kisigino cha kiatu cha mtu. Ni miaka sita sasa. Kidole changu hakijateguka. Nisamehe."

Kipi aliendelea kuukanda mguu, kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi kwingine. Kisha akausikia mguu ukitetemeka, akadhani ni maumivu, akainua uso. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka kimyakimya, mabega yakiruka, akawatazama Afande na shemeji kama wako mbali, ndipo akapandisha suruali hadi pajani. Lile kovu maarufu likaonekana. Akachukua kidole cha Kipi mwenyewe akakiweka juu yake.

"Hii ni ncha yako," alisema. "Hakukuwa na ngiri. Nilikuwa nimekaa chini ya mti nachonga fimbo, kisu hikihiki kikaniponyoka. Niliona haya kurudi nyumbani na kusema nimejichoma mwenyewe. Mama watoto wangu amekufa akiamini ni ngiri."

Kipi alilitazama kovu, kisha kisu.

"Baadaye kikanichoma tena, mkononi. Nilikuwa nakiogopa kisu hiki, mwanangu. Nilikupa kwa sababu wewe ni mtu wa vyuma, nikasema huyu labda atakiweza." Akakitazama kisu, akaugusa tena ule mwisho wa mviringo. "Kumbe umekiweza."

Jambo fulani lililokuwa limekaa kifuani mwa Kipi tangu siku ya bibi harusi liliinuka likaondoka. Alijisikia mwepesi hata akaogopa kusimama. Alicheka, kisha akalia kidogo, kama alivyolia siku ile ya kuposa, kisha akacheka tena, na Afande aliporudi na miti akawakuta wanapangusana machozi, akauliza kama mguu umezidi kuuma. Mzee alijibu kwamba mguu uko salama, ila mkwe wake ana utani mbaya. Kwenye machela alilala kama mfalme, akiendelea kuwaonyesha ndege.

Zahanati walimpaka dawa, wakamfunga bandeji, wakamwambia asikanyage kwa wiki moja. Kwa hiyo jioni alikuwa ameketi sebuleni kwa binti yake, mguu juu ya kigoda, sahani ya nyama mapajani. Mkewe Kipi alimvuta mume wake jikoni akamuuliza kama amesema. Kipi alisema amesema. Akaulizwa, baba amejibu nini? Akasema baba amejibu kwamba kisu ni kizuri. Mkewe alimtazama kwa muda, akaona kuna kitu kimebaki nyuma ya jibu hilo, akaamua kukiacha kilipo, akampa kachumbari aipeleke mezani.

Sebuleni kitinda mimba wao, msichana wa miaka saba, alikuwa amekwisha kumkalia babu yake karibu. Bandeji ilimfurahisha, lakini alitaka ile hadithi kubwa. Mzee alikohoa akaanza, na haikupungua hata neno moja: vumbi lililotimka, macho mekundu, masikio aliyoyakamata. Shemeji alisaidia pale babu alipotaka kuruka kipande. Walipofika kwenye jino, mtoto akauliza swali ambalo miaka yote hiyo hakuna mjukuu aliyewahi kuliuliza.

"Babu, jino lenyewe liko wapi?"

Mzee alisimamisha kijiko. Alimtazama mjukuu, akatazama sahani yake, kisha yale macho mapya yakapita juu ya vichwa vya watu wote yakatua kwa mkwe wake aliyesimama mlangoni na bakuli la kachumbari. Kipi hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Nililivunja mimi," alisema. "Natoa kisigino cha kiatu."

Mtoto alimgeukia babu ahakikishe. Babu aliinamisha kichwa kukubali, mabega yameanza kuruka, na ikabidi aletewe maji.